Mfupa wa bega: uchongwe au uachwe?

Fundi wa Matondoni anayekalafati majahazi mikono ikiwa juu, bega likimshika, hata kuvaa kanzu huwa shida. Akichanga nauli, akavuka hadi Mokowe na kupanda basi la Mombasa, hutarajia kupasuliwa. Akipewa mazoezi ya miezi mitatu, hurudi Lamu akilalamika kuwa hakutibiwa. Uchungu wake naujua, lakini daktari huyo hakumpuuza.

Upasuaji una hoja yake. Tangu daktari wa upasuaji Charles Neer wa Marekani aueleze mwaka 1972, dhana imekuwa kwamba mfupa ulio juu ya bega husugua kano zilizo chini yake kila mkono unapoinuka. Basi huchongwa kwa chini, nafasi ipanuke. Wengi waliochongwa wamepata nafuu, na hawasemi uongo.

Ila nafuu hiyo imeletwa na nini? Watafiti wa Uingereza waligawa wagonjwa 313 kwa kura: wengine wakachongwa, wengine wakaingizwa kamera tu begani mfupa usiguswe, wengine wasifanyiwe kitu. Baada ya miezi 6, katika kipimo cha alama 48, ambacho alama nyingi ni bega zima zaidi, waliochongwa walikuwa na wastani wa 32.7, na wa kamera tupu 34.2. Wametiwa nusukaputi na kushonwa sawasawa, mfupa mmoja umepunguzwa na mwingine umebaki mzima, na aliyechongwa hakumshinda mwenzake! Wasiofanyiwa kitu walipata 29.4, tofauti ambayo watafiti waliiona ndogo mno kwa mgonjwa kuihisi. Tena hao wote walikuwa wamekwisha kujaribu mazoezi na sindano. Ufini nako mfupa uliochongwa haukuushinda ulioachwa, na mwaka 2019 jopo la wataalamu katika jarida la tiba la BMJ lilishauri kwa mkazo upasuaji huu usifanywe kwa maumivu ya aina hii.

Kano iliyokatika kwa kuanguka, au mfupa uliovunjika, ni habari nyingine. Huko kisu huweza kuhitajika, na ndiyo maana bega lipimwe kwanza.

Mazoezi nayo si muujiza, huenda polepole. Lakini hayamlazi fundi kitandani wala hayamfungi mkono kwa wiki kadhaa bila ujira. Kinachomvunja moyo ni kupewa karatasi yenye michoro na kuambiwa nenda. Anahitaji mtaalamu wa fiziotherapia aliye karibu, amshike mkono, amwonyeshe, kisha amwite tena baada ya wiki mbili amtazame.