Shajara Imewasahau Bibi Zetu

Huku kwetu Pwani, ukiingia nyumba ya watu wanaojihesabu kuwa na asili, hukosi kuonyeshwa shajara ya nasaba. Imetiwa fremu, imetundikwa ukumbini mahali mgeni hawezi kuikosa: fulani bin fulani bin fulani, mpaka Shiraz, Hadhramaut au Oman. Sasa hesabu wanawake humo. Mara nyingi hakuna hata mmoja, utadhani wanaume hao walizaana wenyewe kwa wenyewe.

Ndiyo maana mimi simo katika wanaovibeza vipimo vya vinasaba, hivi vya kutema mate kichupani na kuyatuma kwa posta. Wengi wetu huvinunua kwa kutafuta Uarabu. Mimi naviona vina faida nyingine kabisa: vinaweza kuturudishia bibi zetu.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa walioungoza ni mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, Mkenya, na David Reich wa Harvard. Walikuta kwamba damu za Afrika na Asia zilianza kuchanganyika karibu na mwaka 1000, na kwamba sehemu kubwa ya Uasia huo ililetwa na wanaume wa Kiajemi. Uarabu ulizidi baadaye, baada ya 1500. Kumbe wazee waliotusimulia habari za Washirazi, watu wa Shiraz huko Uajemi, hawakuwa wakijitungia tu, kama walivyodai wasomi wengi.

Upande wa mama je? Karibu wote ni Waafrika. Na wengi katika waliopimwa, zaidi ya nusu ya vinasaba vyao ni vya Afrika. Tena makaburi mengi yaliyopimwa ni ya wenye hadhi, karibu na misikiti. Wavuvi na wakulima wa kawaida hawamo sana katika hesabu hiyo. Mimi sioni ajabu. Waajemi walikuja, wakaoa, watoto wakalelewa na mama na bibi zao, wakasema lugha ya hao waliowalea. Ndiyo hii tunayoandikiana leo.

Lakini usikimbilie kulipa. Kipimo cha kawaida hupima mchanganyiko wa pande zote mbili, na mzazi humpa mtoto nusu tu ya alichonacho. Bibi yako wa karne ya 17 huenda usiwe na chake hata chembe katika kipimo hicho. Zile asilimia nazo usizisome kama sukari ya damu. Kampuni inakulinganisha na watu ilionao kwenye hifadhi yake, na sisi wa Afrika Mashariki humo ni wachache. Wakirekebisha hesabu zao, unaamka asili yako imebadilika na mate ni yale yale! Anayemtafuta bibi atafute kipimo cha mtDNA, yaani vinasaba tunavyorithi kwa mama peke yake, kinachomfuata mama, mama yake, na mama wa mama yake bila kukatika. Mwanamume naye anavyo, ila havirithishi. Kampuni ya FamilyTreeDNA, kwa mfano, hukiuza peke yake.

Usiri ni jambo jingine. Mwaka 2023 wadukuzi walipata taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya vipimo hivi, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Taarifa za wateja zikawa mali ya kuuzwa. Nywila utabadilisha, vinasaba huwezi. Na si vyako peke yako, ni vya ndugu zako pia.

Halafu kuna mambo ya ndani ya nyumba. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, na kauli hiyo imesitiri watoto wengi. Mashine haina sitara hiyo: itakutajia ndugu wa baba mmoja usiyemjua, kabla hujamaliza chai. Tanzania kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na kipimo cha kutambua mzazi wa mtoto hufanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi ya mahakama, ustawi wa jamii na wengine waliotajwa na sheria. Wengi huilalamikia. Mimi naiunga mkono, maana anayeumia kwanza huwa ni mtoto, na mama anayeulizwa maswali mbele za watu.

Kwa hiyo cha upande wa mama nitakinunua, baada ya kuwaambia wazee. Sehemu ya kutafutiwa jamaa nitaizima.