Gemu la Kupigana ni Muda, Picha Baadaye

Kila gemu la zamani la kupigana linaporudishwa kwenye maduka ya kupakua, nasoma tathmini zilezile. Aya nne za picha: zimelainishwa au zimeachwa na miraba yake, kuna mistari ya televisheni za zamani au hakuna, pembeni mwa skrini wameweka pambo gani. Aya moja ya muziki. Nyingine ya bei. Halafu, karibu na mwisho, sentensi moja tu: kucheza mtandaoni kunafanya kazi vizuri. Basi, yamekwisha. Juzi nimesoma nyingine ya namna hiyo na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Vizuri kwa nani? Ulicheza na nani, yuko umbali gani, na ulijaribu kupangua pigo lipi?

Nichukue Street Fighter III: 3rd Strike, kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote na kwa sababu haina pa kujificha. Capcom waliitoa kwenye akedi mwaka 1999, juu ya bodi ya CPS-3, mashine yao ya akedi, na roho yake yote imo katika kitendo kimoja, kupangua. Mpinzani anarusha pigo, nawe badala ya kuvuta stiki nyuma ujikinge, unaigusa mbele, kumwelekea yeye, pigo linapofika. Kama ni la chini, unagusa chini. Ukipatia, hupotezi hata tone la damu, yaani uhai wa mhusika wako, na unapata nafasi ya kujibu kabla hajarudisha mguu wake. Ukichelewa au ukiwahi, umelila pigo zima kifuani. Yote hayo yanaamuliwa ndani ya fremu chache, zile picha moja moja zinazounda mwendo, na fremu 60 hupita katika sekunde moja. Fremu moja haifiki hata milisekunde 17.

Video ya Evo 2004, yale mashindano makubwa ya magemu ya kupigana, mnaijua wote. Daigo Umehara anamtumia mhusika Ken, damu imebaki kidogo kiasi kwamba hata kujikinga kungemuua, maana supa, lile pigo kuu la mhusika, hukwangua hata aliyejikinga. Mpinzani wake Justin Wong, anayemtumia Chun-Li, anaachia supa ya mateke 15. Daigo anapangua la kwanza, la pili, la tatu, anaendelea hivyo mpaka anaruka na kulipangua la mwisho akiwa hewani, kisha anashuka na kombo inayofunga kazi. Ukumbi wa chuo kikuu kule Pomona, California, ukalipuka. (Ubingwa hakuuchukua mwaka ule. Fainali alishindwa na Kenji Obata, na sijui kwa nini Obata anasahaulika hivi.) Wengi wanaitazama ile video kwa ajili ya kelele. Mimi naitazama kwa ajili ya mdundo. Kati ya teke na teke kuna pengo, mapengo hayalingani, na Daigo anayajua yote. Hata teke la kwanza alilipata kwa sababu alishamsoma Wong kabla mguu haujanyanyuka.

Sasa weka ucheleweshaji wa fremu nne kati ya kidole cha Daigo na Ken. Au wa fremu nne sekunde hii, sita sekunde ijayo, tatu inayofuata. Picha ni zilezile, muziki ni uleule, wahusika wote wapo, menyu imependeza. Lakini kile kitu kilichofanya ukumbi ulipuke hakimo tena ndani ya gemu hilo. Umeuziwa jina na sura.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na naomba nikae hapo kidogo.

Kwa miaka mingi magemu ya kupigana yalichezwa mtandaoni kwa njia moja: mashine yako inasubiri. Unabonyeza ngumi, gemu linaishikilia ngumi yako mpaka habari ya mwenzako ifike, ndipo fremu inasogea kwa wote wawili. Kama habari inachukua milisekunde 50 njiani, ngumi yako imechelewa fremu tatu. Watu husema fremu tatu si kitu. Kwa gemu la kupanga matofali labda si kitu. Kwa gemu ambalo mkono unafundishwa kwa miezi kulijua pengo kati ya teke na teke, fremu tatu ndizo gemu lenyewe. Na kibaya zaidi si kuchelewa, ni kuchelewa kunakobadilika. Mkono huzoea ucheleweshaji ukiwa uleule. Tulizoea kucheza kwenye televisheni zinazochelewesha picha tukapata dawa yake. Ucheleweshaji unaopanda na kushuka hauzoeleki, ni kama kucheza ngoma ambayo mpigaji anabadilisha mdundo kila unaponyanyua mguu.

Nina rafiki tuliyekua tukicheza naye bega kwa bega, pedi mbili, skrini moja. Yeye ni mtu wa Dudley, yule bondia mstaarabu anayekurushia ua la waridi akitaka kukuudhi, na alikuwa akinirushia kila aliposhinda raundi. Alipohamia mbali tukajaribu kuendelea mtandaoni, kwa toleo moja la kupakua la gemu jingine la zamani ambalo sitalitaja. Mechi zilikuwa na sura ya mechi. Lakini tulianza kucheza tofauti bila hata kuambiana. Yeye akaacha kuniingilia na ngumi fupi kwa sababu zilikuwa hazitoki alipozitaka. Mimi nikaacha kumwadhibu anapokosea, kwa sababu adhabu yangu ilifika akiwa ameshajikinga. Tukabaki kurusha mapigo makubwa ya mbali na kungoja bahati. Siku moja akasema, ndugu yangu, hili si gemu letu, tukazima. Hatukulizungumzia tena. Huo ndio mchezo wa mtandaoni unaofanya kazi vizuri wanaouandika.

Na dawa ipo. Ipo muda mrefu. Chanzo chake ni gemu la akedi lililorudishwa kwa kupakuliwa likaharibikia papo hapo. Mwaka 2006 Street Fighter II: Hyper Fighting, gemu la mwaka 1992, lilitolewa kwenye Xbox 360, na hali yake mtandaoni ikawakera wachezaji. Mmoja wa waliokereka ni Tony Cannon, miongoni mwa waanzilishi wa Evo. Badala ya kuishia kulalamika, akakaa akaandika GGPO, programu ya kuunganisha mechi za mtandaoni, na ndani yake ikawamo rolibeki kama tunavyoijua leo.

Uzuri wa rolibeki ni kwamba haikusubirishi. Unabonyeza, ngumi inatoka. Kuhusu mwenzako, mashine inakisia kwamba bado anafanya kile alichokuwa akifanya fremu iliyopita. Kisio hilo linapatia mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu hakuna binadamu anayebadilisha vidole mara 60 kwa sekunde. Ukiushika mshale wa nyuma unaushika kwa fremu nyingi mfululizo. Habari ya kweli ikifika na kisio kikawa kimekosea, gemu linarudi mpaka fremu ile iliyokosewa, linazicheza upya fremu zote kwa kufumba na kufumbua, linakuonyesha hali sahihi. Mara nyingi macho hayaoni chochote. Mkono wako, ambao ndio wenye gemu, hauguswi kabisa.

Ajabu ni kwamba magemu ya zamani ndiyo yanayofaa zaidi kwa kazi hii. Kuhifadhi hali yote ya mechi ya mwaka 1992 au 1999 ni jambo dogo kwa mashine za leo, na kuzicheza upya fremu kadhaa ndani ya fremu moja hakuzitoi jasho. Kwa hiyo kampuni inayoniuzia gemu la enzi hizo bila rolibeki haiwezi kuniambia kwamba vyombo haviwezi. Vinaweza. Mashabiki kwenye Fightcade, jukwaa la kuchezea magemu ya zamani mtandaoni, wamekuwa wakicheza 3rd Strike kwa GGPO miaka na miaka, bure. Cannon mwenyewe aliifungua programu yake mwaka 2019, yeyote aichukue na aitumie. Anayekataa sasa amechagua kukataa.

Capcom walionyesha inavyofanywa. Agosti 2011 3rd Strike Online Edition ilitoka kwa kupakuliwa kwenye PlayStation 3 na Xbox 360, imetengenezwa na Iron Galaxy, na GGPO iko ndani. Nakumbuka mechi ya kwanza na mtu nisiyemjua, mbali kabisa na nilipo. Akaja na Chun-Li, bila shaka, maana kila mtu ana Chun-Li. Akanipiga teke la chini la wastani, lile linaloingia moja kwa moja kwenye supa. La kwanza likanipata na supa yake yote nikaila. Raundi ya pili nikaliona linakuja, nikagusa chini, ukatoka ule mlio mkavu wa kupangua na mwanga wa buluu, na Chun-Li akabaki ameunyoosha mguu hana la kufanya. Mlio ule ulitoka palepale nilipougusa mshale. Niliinuka kwenye kiti. Mtu huyo alikuwa upande mwingine wa bahari, nami nilikuwa nimempangua kwa macho na mkono wangu kama aliyekaa pembeni yangu.

Mle ndani waliweka hata changamoto ya kurudia yale mateke 15 ya Evo. Ukishindwa, umeshindwa wewe, wala huna wa kumsingizia. Hiyo ni heshima kwa mchezaji.

Nikubali machache, kwa kuwa najua mtayasema. Rolibeki haifuti umbali. Mtandao ukiwa mbovu kweli utaona wahusika wakirukaruka, ngumi imetokea katikati bila mwanzo, na hapo hata GGPO haiwezi kukuokoa. Sawa. Picha nazo zina watu wake: Super Street Fighter II Turbo HD Remix ya mwaka 2008 ilichorwa upya yote na Udon, kazi kubwa, na wapo walioipenda. Mimi nabaki na miraba yangu, lakini siwezi kusema walikuwa wavivu. Na jumba la picha na michoro ya zamani wanaloweka siku hizi kwenye mikusanyo, ndiyo, nalipitia. Mara moja.

Kuna wale wanaosema mwenye kulipenda gemu atafute bodi yake ya asili aache kelele. Bodi ya CPS-3 ina betri kwenye kaseti yake ya usalama, inayotunza ufunguo wa kulifungulia gemu. Betri ikifa, ufunguo umepotea, na bodi imelala mpaka apatikane fundi wa kuifufua. Bodi za CPS-2 nazo ni hivyo hivyo. Vyombo hivyo viliumbwa na saa ya kifo ndani yake. Kwa hiyo toleo la kupakua si anasa ya wavivu. Kwa wengi wetu ndiyo njia pekee ya kulifikia gemu, na ndiyo sababu nataka lifanywe sawasawa.

Na likishafanywa, libaki. Marvel vs. Capcom 2, yenye wahusika 56, ilirudi kwa kupakuliwa mwaka 2009, kisha Desemba 2013 ikaondolewa madukani mambo ya leseni yalipoisha. Aliyekuwa nayo alibaki nayo kwenye mashine yake, asiyekuwa nayo akafungiwa nje. Ikaonekana tena Septemba 2024 kwenye Marvel vs. Capcom Fighting Collection: Arcade Classics, safari hii ikiwa na rolibeki. Karibu miaka 11. Kijana aliyekuwa na umri wa kuanza kuipenda alishakuwa mtu mzima. Hilo linahitaji makala yake.

Nirudi kwa wanaoandika tathmini, maana nao wana mkono katika hili. Kampuni hutengeneza kile kinachosifiwa. Mkisifu mapambo ya pembeni mwa skrini, mtaletewa mapambo. Guilty Gear XX Accent Core Plus R, gemu jingine la zamani la kupigana, ilipowekewa rolibeki kwenye kompyuta mwaka 2020, mwaka ambao mashindano ya ana kwa ana yalikuwa yamefungwa karibu kila mahali, watu waliokuwa wameiacha walirudi kuicheza. Hakuna picha hata moja iliyochorwa upya. Walirudi kwa sababu vidole vyao vilisikilizwa.

Kwa hiyo linapotoka jingine, na litatoka, msiniandikie kuhusu vichujio kwanza. Tafuteni mtu wa mji mwingine, halafu mwingine wa nchi nyingine, mcheze mechi nyingi za kutosha mpaka mkono upate joto. Chagueni pigo moja mnalolijua na mjaribu kulipangua, au kama gemu halina kupangua, jaribuni kuliadhibu kosa linaloacha nafasi ya fremu chache tu. Andikeni lilitoka au halikutoka, na mtu huyo alikuwa wapi. Semeni kama ni rolibeki au ni kusubiri, maana kampuni nyingine hukaa kimya makusudi kwenye ukurasa wa duka. Semeni pia kama mchezaji anaruhusiwa kuchagua mwenyewe fremu za kuchelewa, na chaguo hilo liko wapi kwenye menyu, kwa sababu mara nyingi wamelificha chini kabisa ya mipangilio na nusu ya wachezaji hawajui kwamba lipo.