Acheni kuichemsha melisa

Wanaoisifia melisa, ule mmea wa majani yenye harufu ya limau, wana tabia moja inayonikera: huanza na magonjwa, na ladha hawaifikii kamwe. Mara inaleta usingizi, mara inatuliza moyo, mara inanoa kumbukumbu, inaondoa gesi tumboni, inafukuza huzuni. Baada ya hapo unaambiwa uchukue konzi ya majani, uyatie kwenye sufuria na kuyachemsha mpaka maji yageuke kahawia, unywe asubuhi na jioni. Kinachobaki kwenye sufuria hiyo ni maji machungu yenye harufu ya nyasi. Anayejaribu mara moja harudii tena, na mimi simlaumu.

Melisa ni ndugu wa mnanaa na mrehani, mwenye asili ya kusini mwa Ulaya na Asia ya Magharibi. Shina lake lina pembe nne kama la mnanaa, na majani yana mikunjo na meno madogo ukingoni. Lifikiche jani bichi kati ya vidole, unuse papo hapo. Limau hutangulia, kisha utamu fulani wa mnanaa unafuata kwa nyuma. Subiri kidogo, unuse tena: limau limeshapungua na ubichi wa jani umejitokeza. Harufu ile inatokana na mafuta mepesi, hasa sitrali na sitronelali, yanayokaa kwenye vifuko vidogo mno juu ya jani. Mafuta yenyewe ni haba, mara nyingi hayafiki hata asilimia 0.5 ya uzito wa majani makavu, na yanaruka na mvuke. Anayeichemsha melisa bila kifuniko anawapikia dawa majirani.

Njia ninayoifuata mimi haina ufundi wowote. Maji yakichemka, zima moto. Weka majani mabichi mengi kwenye birika, kuliko unavyodhani yanatosha, yaminye kidogo kwa mkono, mimina maji na ufunike. Yaache dakika kumi. Ukiinua kifuniko utaona matone yameganda upande wa ndani. Yanuse, ndiyo yenye harufu kuliko kinywaji chenyewe. Yakung'ute yarudi ndani. Rangi ya kinywaji itakuwa ya kijani iliyofifia, karibu na manjano, na wengine huidharau kwa sababu hiyo, kana kwamba dawa lazima iwe nyeusi.

Sasa tuje kwenye tiba yenyewe, maana sikatai kwamba ipo. Ibn Sina, tabibu mashuhuri wa zamani, aliutaja mmea huu kama kichangamsha moyo karne nyingi zilizopita, na watawa wa Karmeli mjini Paris walikuwa wakitengeneza kileo cha dawa chenye melisa tangu karne ya 17. Siku hizi Shirika la Dawa la Ulaya linakubali chai yake itumike kupunguza msongo mdogo wa mawazo, kusaidia usingizi, na kutuliza matatizo madogo ya tumbo kama kujaa gesi. Lakini angalieni msingi wa kukubaliwa huko: ni matumizi ya muda mrefu, ya angalau miaka 30, wala si majaribio makubwa yaliyothibitisha kwamba inaponya. Kuna majaribio madogo ambamo waliopewa dondoo yake walijisikia watulivu zaidi, na krimu zenye dondoo hiyo zimejaribiwa kwa malengelenge ya mdomoni yanayoletwa na virusi vya hepesi, zikaonyesha nafuu kiasi. Ni jambo la kheri, ila ni dogo, na mimi sioni aibu yoyote katika udogo huo. Kinywaji kinachokutuliza kidogo jioni hakihitaji kusingiziwa kwamba kinatibu kisukari.

Anayekosa usingizi wiki baada ya wiki aende kwa daktari. Anayetumia dawa za usingizi au za kutuliza awe mwangalifu, kwa kuwa melisa inaweza kuongeza kusinzia. Mwenye matatizo ya tezi ya thairoidi, mjamzito na anayenyonyesha waulize kwanza, na watoto walio chini ya miaka 12 wasipewe kama dawa. Vichupa vya mafuta ya melisa mimi siviamini hata kidogo. Mmea wenye mafuta haba namna hiyo hutoa mafuta ghali, na cha ghali huchakachuliwa: mara nyingi mafuta ya mchaichai, yenye sitrali nyingi pia, ndiyo huchanganywa humo. Vyovyote iwavyo, si mafuta ya kunywa.

Jikoni ndipo ninapoipenda zaidi. Kosa la wengi ni kudhani inachukua nafasi ya limau. Haina ukali hata chembe. Ina harufu ya limau tu, kwa hiyo chakula cha mafuta bado kitataka ndimu yake, kisha melisa ije juu baada ya chakula kuepuliwa. Katakata majani wakati wa kupakua, kwa kisu kikali, maana kisu butu huyaponda na kuyafanya meusi. Yanafaa juu ya samaki, kwenye saladi, kwenye mtindi uliotiwa chumvi.

Ukiwa na muda wa jambo moja tu, twanga majani mabichi na sukari kwenye kinu. Sukari italowa na kugeuka kijani kama rangi ya kuchora. Nyunyizia juu ya matunda yaliyokatwa, ule saa hiyo hiyo. Hapo hakuna moto ulioigusa, na sukari imeyanasa yale mafuta kabla hayajaruka. Nikipewa nichague kati ya hiyo na vidonge vya unga wa melisa, sihitaji kufikiri.

Kuipanda si kazi. Inataka unyevu, kivuli kidogo penye jua kali, na kukatwa mara kwa mara kabla haijatoa maua. Usiogope kuipunguza hadi theluthi moja, itachipua tena. Kichaka kimoja kiachie maua kwa ajili ya nyuki. Wafugaji wa kale walikuwa wakisugua mizinga kwa majani yake ili kuvuta makundi, na sitrali hiyo hiyo imo kwenye harufu ambayo nyuki huitoa kuwaita wenzao. Ila mbegu zikidondoka utaikuta bustani nzima.

Majani yakizidi, yakaushe kivulini penye hewa na uyahifadhi mazima kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Yavunje tu unapotaka kuyatumia. Yakivunjwa yasinukie, mwaga kwenye mboji.