Kabla ya kuuliza helmeti iko wapi

Kila nikituma picha za barabara za Utrecht, Uholanzi, ndugu zangu walioko Tanzania huniuliza lile lile: mbona hao waendesha baiskeli hawavai helmeti? Kweli hawavai. Uholanzi mwendesha baiskeli wa kawaida halazimishwi, na mama anakatiza na watoto wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, vichwa wazi. Wengi humalizia kwamba wenzetu wamejengewa njia zao, basi. Njia zipo, za lami nyekundu, mbali na magari yanayokwenda kasi. Kwenye mitaa ya kilomita 30 kwa saa tunachanganyika. Ila kinachonipa utulivu barabarani hakionekani kwenye picha. Ni sheria ya fidia.

Kifungu cha 185 cha sheria yao ya barabarani kinasema hivi: gari likimgonga mwendesha baiskeli au mtembea kwa miguu, hasara ni ya mwenye gari, mpaka athibitishe kwamba ajali isingeepukika kwa namna yoyote. Mahakama hazikubali utetezi huo kirahisi. Mtoto wa chini ya miaka 14 hulipwa fidia yote, hata kama yeye ndiye aliyechomoza ghafla. Mwenye miaka 14 na kuendelea, hata akiwa amekosea, hupata angalau nusu. Isipokuwa awe amefanya kusudi, au uzembe wa kupindukia unaokaribiana na kusudi. Hapa hatuzungumzii jela. Inayolipa ni bima ya gari.

Sasa geukia nyumbani. Kwetu anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha uzembe wa dereva. Mjane atautoa wapi ushahidi, na shahidi wake mkuu yuko kaburini? Dereva yupo, anaeleza anavyotaka: baiskeli iliyumba, haikuwa na taa, hawa watu hawana adabu. Nasi tunaitikia, halafu tunaanza kuhubiri helmeti. Helmeti ivae, sikukatazi. Lakini haitamzuia dereva wa lori aliyekuovateki kwa kukubania mtaroni.

Msidhani huku baiskeli zimeachiwa. Usiku lazima taa, nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma, na kengele lazima ilie. Tangu Julai 2019 kushika simu ukiwa unaendesha ni faini. Kupita mataa yakiwa mekundu, faini. Na bado wanapita, hasa wanafunzi wa vyuo! Upande wa pili, haki zipo: kuendesha wawili sambamba inaruhusiwa, na tangu 2001, kwenye makutano yasiyo na alama, baiskeli inayotokea kulia inapishwa na gari. Mwambie hivyo dereva wa basi wa kwetu uone atakavyokucheka.

Na tafadhali, tusiseme Wazungu ndivyo walivyozaliwa. Mwaka 1971 barabara za Uholanzi ziliua watu zaidi ya 3,000, watoto wakiwa zaidi ya 400. Wazazi waliandamana, wakafunga mitaa, wakaita kampeni yao kwa jina lisilopaka mafuta: komesheni mauaji ya watoto. Baadaye serikali ikaanza kumwaga fedha kwenye njia za baiskeli.

Najua jibu la kwetu: fedha za lami nyekundu tutazitoa wapi? Sawa, lami isubiri. Kubadilisha nani abebe mzigo wa ushahidi hakuhitaji kijiko wala greda, kunahitaji Bunge lifungue upya sheria za barabarani na za bima ya magari. Wenye mabasi na malori watalalamika kwamba bima itapanda. Huenda ikapanda kweli. Lakini gharama hiyo ipo tangu zamani, ila sasa inalipwa na familia ya aliyegongwa: kwa matibabu, kwa shamba lililouzwa, kwa mtoto aliyeacha shule. Mimi ningependa ihamie kwenye bima ya gari, na dereva ajue hivyo kabla hajaamua kuipita baiskeli kwa nafasi ya kiganja.