Hodi Bila Ukuta

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile video, tulieni kwanza. Huyo rafiki yangu aliyeituma anadai nilivunja ukuta kwa hasira. Wallahi mimi sina hasira ya kuvunja hata mkate.

Ni tamasha la drama la kanda, hapa Pwani, upande wa vyuo. Mnajua mambo yalivyo: unapita kaunti, unapita kanda, unaenda taifa, na ukiibuka mshindi huko unaweza kualikwa kumchezea rais. Mchezo lazima uwe mpya, kwa hiyo wetu uliandikwa na mwenzetu wa mwaka wa pili: mwenye nyumba na mpangaji wanagombania mita ya maji. Mimi ndiye mzee wa Nyumba Kumi. Naingia mwishoni, napiga hodi, naamua ugomvi, pazia. Maneno yangu yote yanaenea kiganjani, na ndiko yalikokuwa yameandikwa.

Sasa sikilizeni habari ya ukuta, maana kesi yote iko hapo. Ukuta wa jukwaani ni fremu ya mbao za inchi 2 kwa 1, futi 4 kwa 8, iliyowambwa kitambaa cha marekani. Zetu zilikuwa mbili, katikati mlango. Fremu ya namna hii hutiwa vipande vya mshazari kwenye pembe; ukiviacha, mstatili unalala upande. Fundi wetu vipande hivyo alivitengenezea kigoda cha mwenye nyumba. Halafu marekani ikapakwa rangi ya maji asubuhi ya siku yenyewe. Kitambaa kikikauka hujikaza, na kikijikaza huvuta mbao. Dawa ni kupima kwa futi kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa kukingamisha. Vipimo vikikataa kulingana, mlango umeshakwama hata kabla haujaguswa. Hakuna aliyepima. (Nyie wa ujenzi, msicheke bado.)

Kisha nyuma ya ukuta kuna mhimili wa mbao, na mguu wa mhimili hukandamizwa kwa gunia la mchanga. Bila gunia, ukuta husimama kwa imani tu. Letu lilikuwepo, mpaka kundi lililokuwa likitufuata lilipokumbuka kwamba mchezo wao una kaburi.

Basi. Mwenye nyumba akapaza sauti: "Leo mzee aje aamue!" Hiyo ndiyo ishara yangu. Milango ya jukwaani hufungukia nyuma, isiwazibe watazamaji, kwa hiyo nikavuta. Wapi! Nikavuta tena, kitasa kikanifuata. Mwenye nyumba akarudia, safari hii kwa meno: "Nimesema mzee aje!" Kitasa mkononi, kanzu mwilini, bakora kwapani. Nikatia bega.

Laiti ungeanguka upesi! Fremu yenye kitambaa, upana wote ule, ikilala huikalia hewa, na hewa haina haraka ya kutoka. Ulishuka taratibu kama jahazi linaloshusha tanga. Nilipata muda wa kumwona mpangaji akiruka kulia. Nikapata muda wa kumwona mwenye nyumba akiruka kushoto, kisha akirudi kuokoa kigoda. Nikawaona majaji, mmoja mmoja, nao wakaniona. Nyuma yangu taa zikalimulika kundi la ngoma likifunga njuga, na mwalimu wao na hamri mdomoni. Ukuta ulipogusa sakafu, hewa yote iliyokuwa chini yake ikatoka kwa mkupuo, ikapeperusha karatasi za alama hadi safu ya tatu.

Ukumbi kimya. Njuga moja ikalia.

Na mimi, kichwani hamna kitu, nikakodolea macho kiganja na kusoma kama kilivyo: "Hodi wenyewe! Hodi humu ndani!"

Mwanafunzi mmoja wa nyuma kabisa akaitikia: "Karibu mzee, mlango uko wazi!"

Watu wakavunjika mbavu. Nikaingia, mngetaka nifanyeje? Pindo la kanzu likanasa kwenye mhimili, ambao sasa ulikuwa umesimama hewani bila kazi. Nikapiga hatua, kitu kikanivuta. Nikapiga nyingine, kikaja. Hivyo ndivyo nilivyoamua kesi ya mita ya maji: naburuta nyumba ya wenyewe nyuma yangu.

Yaliyobaki ni mafupi. Taifa hatuendi. Kanzu ilikuwa ya mjomba. Gunia lilirudi na msalaba juu yake. Na jaji mkuu, zamu yetu ya kupewa maoni ilipofika, alisifu mswada, akasifu sauti, kisha akavua miwani na kuniuliza kwa upole kabisa: "Mzee wangu, pale ulikuwa unaingia au unatoka?"