Mshauri Asiyeuza Dawa

Wanaosema enzi ya bwana shamba, yaani afisa wa ugani wa serikali, imepita wana hoja. Mkulima wa Ruai, pembezoni mwa Nairobi, leo anapiga picha ya jani lililojikunja, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, na jibu linafika kabla hajanawa mikono. Mhudumu wa kujitegemea wa kupandisha ng'ombe huja na pikipiki yake hata Jumapili. Afisa wa ugani, tangu kilimo kigatuliwe kwa kaunti mwaka 2013, mara nyingi hana hata mafuta ya kumtoa ofisini, tena hutarajiwa kuhudumia wakulima zaidi ya 1,000 ilhali kiwango kinachopendekezwa ni 400. Ndiyo maana wengi wamemkatia tamaa.

Lakini tumempima kwa kasi tu. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuwa na chupa ya kuuza.

Chukua nyanya zinazonyauka zingali kijani. Ukifika duka la pembejeo, huenda ukapewa dawa ya ukungu, nawe utalipa. Kumbe ni mnyauko wa bakteria, ambao hauna dawa ya kupulizia. Kuutambua hakuhitaji maabara: kata shina karibu na mizizi, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukiteremka, ndio wenyewe. Hapo ni kung'oa mimea iliyougua na kutopanda nyanya, viazi wala biringanya kwa misimu kadhaa. Ushauri huo haumwingizii mwenye duka hata shilingi, naye ana kodi ya kulipa, simlaumu.

Kwenye mifugo hasara inavuka ua wa mkulima. Ng'ombe akitibiwa kiwele kwa antibiotiki, maziwa yake hayafai kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Muuzaji asipolisema hilo, mabaki ya dawa yanaishia kwenye chai ya watoto wetu hapa Nairobi.

Kwa hiyo vijana wanaofunzwa kuwashauri wakulima kupitia NAVCDP, mradi wa kitaifa wa kuendeleza minyororo ya thamani ya kilimo, nawaunga mkono, maana wanaishi na wakulima wao. Ninachohofia ni mpango wa kuwaacha baadaye wajitegemee kwa kuuza huduma na pembejeo. Kaunti ziwalipe kwa mashamba waliyoyatembelea, na afisa aliyebaki ofisini apewe mafuta ya pikipiki kabla hatujanunua programu nyingine ya simu.