Umeme, shaba na magunzi: bei ya uniti haitoshi kuamua

Ikitajwa habari ya kutengeneza kemikali kwa umeme wa jua, watu wa Malindi wanaoijua bei ya tokeni hutoa jibu moja: umeme hautoshi hata mafriji ya samaki, sasa muutie kwenye beseni la shaba wa nini? Hoja hiyo ina uzito. Ila wengi wanaoitoa wamepima kitu kimoja tu, uniti, na kuacha vilivyobaki.

Magunzi ya mahindi, yale yanayorundikana Langobaya na Magarini baada ya kupukuchua, yakichemshwa na asidi hutoa kimiminika kiitwacho furfurali. Ikiwa imetoka tu kukenekwa haina rangi na inanukia kama lozi. Ikiachwa wazi hugeuka kahawia, kisha nyeusi ti. Marekani waliitengeneza kiwandani tangu miaka ya 1920, kwa maganda ya oti. Ikitiwa haidrojeni inakuwa alkoholi ya furfurili, malighafi ya gundi inayoshikanisha mchanga wa kalibu za kusubia chuma.

Viwanda hufanya hivyo kwa gesi ya haidrojeni, joto la zaidi ya nyuzi 100, na kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko) ambacho kwa miaka mingi kimekuwa shaba iliyochanganywa na kromi, ambayo mabaki yake ni sumu. Njia ya umeme haihitaji joto hilo. Kathodi ya shaba, yaani kipande cha chuma kilichofungwa upande hasi wa umeme, inawekwa ndani ya maji yenye furfurali, elektroni zinaingia, na haidrojeni ya maji yenyewe inaungana na furfurali juu ya uso wa chuma. Mtungi wa gesi hauhitajiki, wala kompresa.

Tuje kwenye uniti. Kila molekuli inataka elektroni 2, kwa hiyo kilo moja ya alkoholi hiyo inakula takriban ampea-saa 550. Kwa volti 2.5 ni uniti (kilowati-saa) 1.4. Tukikadiria uniti kwa shilingi 20, ni shilingi 28. Lakini elektroni si zote zinazotii: nyingine hutoka kama mapovu ya haidrojeni, zimepotea. Nusu ikipotea, bei inapanda hadi shilingi 55 hivi. Sasa linganisha na mtu anayepasua maji kwa umeme katika mtambo wa kawaida ili apate gesi ya haidrojeni, kisha akaitia gesi hiyo kwenye furfurali. Kilo ya haidrojeni humgharimu uniti 50 hadi 55, na kilo ya alkoholi inahitaji gramu 21 tu. Hiyo ni uniti 1.1. Kwa umeme peke yake, basi, kathodi haimshindi, na mapovu yakizidi inashindwa vibaya. Mashabiki wa teknolojia hii hawapendi kulisema hili.

Ila hesabu hiyo ya 1.1 haina kompresa, haina tangi, haina joto, haina mlinzi wa gesi inayolipuka. Kiwanda kikubwa hugawa gharama hizo kwa maelfu ya tani na hakizioni. Mtu anayetaka kusindika magunzi ya kata moja atazilipa zote peke yake. Kwake yeye uniti moja ya ziada ni nafuu kuliko chuma cha kuhimili shinikizo. Na kiasi cha mapovu si amri ya mbinguni, kinategemea chuma ulichochagua. Platini hutoa mapovu upesi. Shaba huyachelewesha. Risasi huyachelewesha zaidi, lakini ni sumu, tena hupenda kuunganisha molekuli za furfurali mbili mbili. Asidi ikiwa kali mno, shaba nayo inakupa kemikali nyingine usiyoikusudia, methilifurani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 64 hivi na kutoroka ukizubaa.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko ile ya tokeni. Furfurali huganda juu ya kathodi kama lami, na shaba ikishafunikwa haifanyi kazi. Mchanganyiko huwa mwembamba, kwa hiyo kukeneka baadaye kunakula joto, pengine kuliko umeme wote uliookoa. Nao wanaosema kathodi inafaana na jua kwa kuwa inawaka na kuzimika, wasisahau kwamba shaba iliyoachwa usiku ndani ya asidi bila mkondo huanza kuliwa. Itabidi itolewe kila jioni.

Langobaya kuna kituo cha jua cha megawati 40, kilichoanza kuuza umeme kwenye gridi 2021. Sidhani kinahitajika kwa jambo hili. Paneli chache na beseni vinatosha kujua shaba inadumu saa ngapi kabla ya kusuguliwa, nayo ndiyo namba ninayotaka kuiona kabla ya bei ya uniti. Kisha kuna swali ambalo wahandisi hawaliulizi: magunzi hayo hayatupwi. Nyumba nyingi hupikia, na atakayeyachukua atalazimika kumlipa mwenye nayo bei inayozidi ya kuni.